Je, Tukinunua Zaidi Uchumi Utaamka? Safari ya Shilingi Katika Wadi ya Marungu

Mtu aliyekuwa na kibanda cha chakula Maungu mwezi Aprili 2020 hahitaji kufundishwa maana ya mdororo wa uchumi. Sufuria zilikuwa zile zile, jiko lile lile, na mpishi hakuwa amesahau kusukuma chapati. Kilichokosekana ni mteja. Mteja alipokosekana, mpishi alirudishwa nyumbani, mama mboga aliyemletea sukuma na nyanya akarudi na mzigo wake, na bodaboda aliyebeba mzigo huo akakaa kijiweni.

Kutokana na hali kama hiyo, wakazi wengi hujiuliza: kama biashara ilikufa kwa kukosa wanunuzi, je, dawa si watu kununua zaidi? Na ikiwa ndivyo, anunue nani, kwa pesa gani?

Jibu fupi ni kwamba matumizi ya wananchi husaidia kuinua uchumi uliodorora, lakini kwa masharti matatu. La kwanza, wauzaji wawe na bidhaa au nguvu kazi iliyokaa bure ikingoja mteja. La pili, pesa inayotumika iwe kipato halisi, si deni la kula leo na kulia kesho. La tatu, pesa hiyo ipite mikononi mwa wenyeji kadhaa kabla haijaondoka. Makala hii inaeleza masharti hayo, na kwa nini yanamhusu mkazi wa Marungu.

Mdororo ni nini?

Wanauchumi husema nchi imeingia katika mdororo pale pato lake linapopungua kwa robo mbili za mwaka mfululizo, yaani miezi sita. Kenya ilipitia hali hiyo mwaka 2020, pato lilipopungua katika robo ya pili na ya tatu. Takwimu zilizotolewa na KNBS katika ripoti ya uchumi ya mwaka 2021 zilionyesha kuwa mwaka mzima uchumi ulipungua kwa asilimia 0.3, baada ya kukua kwa asilimia 5 mwaka 2019.

Asilimia 0.3 inaonekana ndogo, lakini ni wastani tu, na wastani huficha mengi. Mwaka huo mvua ilikuwa nzuri na kilimo kilikua kwa asilimia 4.8. Upande wa pili, hoteli na mikahawa ilianguka kwa asilimia 47.7, karibu nusu. Watalii waliofika nchini walipungua kutoka zaidi ya milioni 2 mwaka 2019 hadi kama 580,000. Idadi ya watu wenye kazi, bila kuhesabu wakulima wadogo, ilishuka kutoka milioni 18.1 hadi milioni 17.4.

Sasa itazame ramani yetu. Maungu iko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kilomita 30 hivi kabla ya kufika Voi ukitokea Mombasa. Mji huu huishi kwa wasafiri na madereva wa malori. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale, na treni ya abiria ya Madaraka Express ikasimamishwa hadi Julai. Hoteli za Tsavo zilikosa wageni. Ndiyo maana mdororo ambao kitaifa ulihesabiwa kwa sehemu ya asilimia moja, kwetu ulihesabiwa kwa vibanda vilivyofungwa.

Matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine

Kwa nini mnunuzi ana uzito mkubwa hivyo? Kwa sababu nchini Kenya takriban robo tatu ya pato la taifa ni vitu ambavyo familia hununua kila siku: unga, nauli, karo, kodi ya nyumba, mafuta ya taa, salio la simu. Robo inayobaki ni matumizi ya serikali, uwekezaji, na tofauti kati ya tunachouza nje na tunachoagiza. Familia zikibana matumizi kwa pamoja, hakuna sekta nyingine inayoweza kuziba pengo hilo kwa urahisi.

Hapa ndipo panapotokea jambo la kushangaza. Wahenga walisema akiba haiozi, na walisema kweli kwa nyumba moja. Ukipunguza matumizi mwaka wa shida na kuweka kitu kando, nyumba yako inakuwa salama zaidi. Lakini kila nyumba ya mji ikifanya hivyo mwezi mmoja, duka halina mauzo, mwenye duka anamwachisha kazi kijana wake, na kijana huyo ni mtoto wa mojawapo ya zile nyumba zilizokuwa zikiweka akiba. Mwisho wa mwezi akiba ya mji mzima imepungua, ingawa kila mtu alikusudia kuiongeza.

Mwingereza John Maynard Keynes alieleza jambo hili katika kitabu alichochapisha mwaka 1936, wakati dunia ilikuwa bado inajikwamua kutoka mdororo mkuu wa miaka ya 1930. Hoja yake ilikuwa kwamba soko lililolala kwa kukosa wanunuzi linaweza kulala muda mrefu, hivyo lazima apatikane mtu wa kutumia pesa kwanza. Na kwa kuwa familia zilizopoteza kipato haziwezi kuanza, alisema serikali ndiyo inayopaswa kuanza.

Zingatia hapo. Hata yeye hakusema mtu aliyefilisika atoke akanunue.

Tufuate shilingi elfu moja

Tuchukue mfano wa kufikirika. Dereva wa lori anasimama Maungu na kutumia Sh1,000 kwa chakula, chai na kulala. Pesa hiyo imetoka nje ya wadi, na sasa iko kwa mwenye hoteli.

Tuseme mwenye hoteli anatumia nusu yake papo hapo: ananunua nyama ya mbuzi kwa mfugaji wa jirani na kumlipa mpishi. Nusu nyingine inaondoka kununua unga wa kiwandani, gesi na mafuta ya kupikia vilivyotoka mbali. Kwa hiyo Sh500 zimebaki. Mfugaji na mpishi nao wanatumia nusu hapa hapa, Sh250, kwa kinyozi, fundi na bodaboda. Wale nao wanatumia Sh125, na kuendelea. Ukijumlisha raundi zote, ile Sh1,000 imeleta mauzo ya karibu Sh2,000 ndani ya wadi.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Tuseme katika kila raundi ni moja ya tano tu inayobaki, kwa sababu karibu kila kitu kinachouzwa kimetoka mbali. Sh1,000 inaleta Sh200, kisha Sh40, kisha Sh8. Jumla ni Sh1,250. Dereva ni yule yule na pesa ni zile zile, lakini mji umepoteza mauzo ya Sh750 kwa sababu shilingi ilitoroka mapema.

Mfano huu unatufunza mambo mawili. Kwanza, hesabu haiishii kwenye kiasi kilichotumika. Lazima uulize pia pesa ilikwenda wapi baada ya hapo. Pili, dereva akikosa kusimama hatupotezi Sh1,000 peke yake. Tunapoteza mnyororo mzima.

Miji ya barabara kuu iliuonja ukweli huo hata kabla ya korona. Mwaka 2019 ilipoagizwa kuwa mizigo inayotoka bandarini Mombasa isafirishwe kwa reli ya kisasa, wafanyabiashara wa miji iliyotegemea malori walilalamika kuwa wateja wamewakimbia. Agizo hilo lilisitishwa baada ya maandamano, na suala la huduma za bandari likabaki mjadala wa kisiasa hadi Septemba 2022, Rais William Ruto alipoagiza zirejeshwe Mombasa. Waliolalamika walikuwa na madereva wa malori, lakini walikuwamo pia wauza chai, mafundi wa magurudumu na wenye vyumba vya kulala wageni.

Serikali ilijaribu nini mwaka 2020?

Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hatua za kuwaachia wananchi pesa zaidi mfukoni. Kodi ya VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Wafanyakazi wanaolipwa hadi Sh24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato. Kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya kampuni vivyo hivyo. Sh10 bilioni zaidi zilitengewa wazee, mayatima na wasiojiweza. Benki Kuu ilishusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25, kisha hadi 7. Ada ya kutuma pesa kwa simu hadi Sh1,000 ikaondolewa kwa muda.

Nia ilikuwa ile ile ya Keynes, yaani mnunuzi apate cha kununulia. Lakini tuangalie nani alifikiwa. Katika kila Wakenya 10 wenye kazi nje ya kilimo kidogo, zaidi ya 8 wako katika sekta isiyo rasmi. Hawana hati ya mshahara, kwa hiyo punguzo la kodi ya mshahara halikuwagusa moja kwa moja. Unga wa mahindi ulikuwa hautozwi VAT tangu mwanzo, hivyo kushuka kwa VAT hakukupunguza bei ya sima. Aliyenufaika zaidi ni mwenye mshahara mzuri, na mwenye mshahara mzuri akiwa na hofu ya kesho huiweka nyongeza hiyo benki. Hatua zilizogusa moja kwa moja watu wa kipato cha chini ni ile fedha ya wazee na wasiojiweza, na ada ya simu iliyorahisisha mtoto aliye mjini kumtumia mamaye Sh500.

Tarehe 1 Januari 2021 VAT ilirudi asilimia 16, na kodi ya juu ya mshahara pamoja na ya kampuni zikarudi asilimia 30. Nafuu ya mshahara wa hadi Sh24,000 ilibaki.

Mwaka 2021 uchumi ulikua kwa asilimia 7.5. Je, ni matumizi ya wananchi yaliyouinua? Kwa sehemu tu. Jambo kubwa zaidi lilikuwa kufunguliwa kwa milango. Hoteli na mikahawa ilikua kwa zaidi ya asilimia 50 mwaka huo, na shule zilirejea. Watu waliruhusiwa kusafiri, kusoma na kula nje. Mteja alikuwa na sababu ya kubana pesa, lakini pia alikuwa amefungiwa nyumbani. Huwezi kununua chai Maungu ukiwa umezuiwa kutoka Mombasa.

Ushahidi kutoka Siaya

Kuna utafiti uliofanywa hapa Kenya ambao unajibu swali letu vizuri kuliko hotuba nyingi. Kati ya mwaka 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly lilizipa zaidi ya familia 10,500 maskini katika kaunti ya Siaya karibu dola 1,000 za Marekani kila moja, bila masharti. Utafiti ulihusisha vijiji 653. Baadhi vilipewa na vingine havikupewa, ili watafiti waweze kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi za karibu dola mbili na nusu katika eneo hilo. Familia ambazo hazikupewa chochote nazo ziliongeza matumizi yao, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikiuza, zikishona, zikijenga na kubeba. Na je, bei zilipanda? Wengi walidhani zingepanda sana. Kwa wastani zilipanda kwa asilimia 0.1 tu.

Sababu waliyoieleza watafiti inahusu kila mwenye duka. Biashara za vijijini zilikuwa na nafasi iliyokaa bure. Mashine ya kusaga posho ilikuwa ikisimama nusu ya siku. Fundi cherehani alikuwa na kazi ya siku mbili kwa wiki. Wateja walipoongezeka, mwenye mashine hakuhitaji kununua mashine ya pili wala kupandisha bei. Alihitaji tu kuiwasha kwa saa nyingi zaidi.

Tusisahau kwamba pesa za Siaya zilitoka nje. Hazikukatwa kwenye mfuko wa jirani. Pia ziliwafikia watu maskini, ambao hutumia haraka na hutumia karibu na nyumbani. Mambo hayo mawili ni sehemu kubwa ya siri ya matokeo yale.

Pale ambapo kununua hakusaidii

Sasa tuelekee upande wa pili. Kuanzia mvua za vuli za mwaka 2020, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika maeneo mengi kame ya Kenya, na Taita Taveta ni miongoni mwa kaunti 23 kame na nusu kame. Mwaka 2021, ule ule ambao uchumi wa taifa ulikua kwa asilimia 7.5, kilimo kilipungua kidogo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano, mafuta na mbolea duniani. Kufikia Julai mwaka huo pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilikuwa imepita Sh200, na serikali ikatangaza ruzuku ya muda ya kuishusha hadi Sh100. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6 mwezi Oktoba 2022.

Tuseme wakati huo kila familia ingepewa Sh5,000 zaidi ya kununua unga. Mahindi yangeongezeka? La. Pesa nyingi zaidi zingekimbiza magunia yale yale machache, na bei ingepanda tena. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa kukosa malisho hakukosa mnunuzi, bali alikosa ng'ombe wa kuuza. Mkulima ambaye tembo wameingia shambani mwake usiku mmoja kabla ya mavuno hasaidiwi na wingi wa wateja sokoni. Shida ya namna hii huponywa kwa maji, malisho, mbegu zinazostahimili ukame, ua wa kuzuia wanyamapori na chakula cha msaada kwa walioathirika zaidi.

Hata Marekani iliyapata mafunzo hayo. Mwaka 2020 na 2021 serikali yake iliwatumia wananchi hundi kadhaa, ya kwanza ikiwa dola 1,200 kwa mtu mzima. Matumizi yalirudi haraka, lakini meli, viwanda na maghala havikuweza kwenda kasi hiyo. Pamoja na sababu nyingine, ikiwamo bei ya mafuta, mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022.

Kwa hiyo kabla ya kusema "tununue zaidi," ni lazima kwanza tuulize kama rafu zimejaa wateja wakikosekana, au wateja wapo rafu zikiwa tupu. Aprili 2020 Maungu ilikosa wateja. Julai 2022 ilikuwa na uhaba wa bidhaa. Dawa ya ugonjwa mmoja haitibu mwingine.

Kununua kwa deni

Siku hizi mtu asiye na pesa anaweza kununua vilevile. Kuna Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 2022, mikopo mingi ya programu za simu, na daftari la deni dukani.

Mkopo si adui. Mkopo wa kununua stoki ambayo itauzwa wiki hii huongeza mauzo na hujilipa. Lakini mkopo wa kula huhamisha tu matumizi ya mwezi ujao na kuyaleta mwezi huu. Mwezi ujao ukifika, mkopaji atanunua kidogo zaidi, kwa sababu sehemu ya kipato chake sasa inalipa riba na ada. Na riba hiyo haibaki Marungu. Huondoka siku ile ile.

Riba ya taifa nayo ina athari. Ili kupambana na mfumuko wa bei na kuinusuru shilingi, Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hatua kwa hatua hadi asilimia 13 Februari 2024, kabla ya kuanza kuishusha Agosti mwaka huo. Riba ikipanda, mwenye duka huogopa kukopa stoki na mwenye kujenga husimamisha mjengo. Ikishuka, nafuu huchelewa kufika vijijini. Mkazi hapaswi kuharakisha kukopa kwa sababu tu amesikia redioni kuwa riba imeshuka. Aulize kwanza chama chake, sacco au benki kama imeshuka kwake pia.

Mnunuzi mkubwa ambaye hatumhesabu

Katika kaunti yoyote, mmoja wa wanunuzi wakubwa ni serikali yenyewe, ya kitaifa na ya kaunti. Hununua saruji, chakula cha hospitali, samani za chekechea, mafuta ya magari na kazi za barabara. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka asilimia 30 ya zabuni zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Pia inataka angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti iwaendee wakazi wa kaunti husika. Masharti hayo, mbali na kuleta usawa, huifanya shilingi ya umma izunguke nyumbani mara kadhaa kabla ya kuondoka.

Lakini kuna jambo lisilopaswa kufichwa. Zabuni isiyolipwa ni matumizi ya karatasi tu. Madeni ya wazabuni ni tatizo la kaunti nyingi za Kenya, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti hulitaja mwaka baada ya mwaka. Kijana aliyechimba mtaro wa maji akakaa mwaka mzima bila malipo hajaongezewa kipato. Amekopesha serikali bila kupenda, na pengine yeye mwenyewe amekopa kwa riba ili awalipe vibarua. Kulipa kwa wakati ni kichocheo cha uchumi kisichohitaji bajeti mpya. Mkazi ana haki ya kuuliza kuhusu madeni hayo, na mahali pa kuuliza tumepaeleza mwishoni.

Hali ni ile ile kwa pesa za Inua Jamii. Mzee anayepokea Sh2,000 kwa mwezi huzitumia mara moja, karibu na nyumbani, kwa unga, dawa na sabuni. Zikichelewa, duka la kijiji hukopesha. Zikifika, daftari hufutwa na mwenye duka hupata cha kuongeza stoki.

Maswali ambayo wakazi huuliza

*Je, ni wajibu wangu kununua zaidi ili kuokoa uchumi?*
La. Mwenye kipato kisicho na uhakika anapaswa kwanza kulinda chakula, karo, dawa na akiba ndogo ya dharura. Mwenye mshahara wa kudumu ndiye anayeweza kusaidia kwa kutositisha ununuzi wake wa kawaida wakati wa shida: aendelee kumpa kazi fundi, kushona nguo na kurekebisha paa aliyokuwa ameipangia.

*Nikinunua bidhaa za hapa tu, si nitalipa zaidi?*
Wakati mwingine ndiyo, na huna haja ya kujitesa. Lakini angalia yale ambayo bei yake haipishani sana. Nyanya na ndizi za Taveta, mboga za milima ya Wundanyi, mbuzi na asali ya jirani, kiti cha seremala wa mtaani. Ukinunua hivyo, shilingi inabaki angalau ndani ya kaunti.

*Mapato ya mradi wa kaboni yanahusikaje na haya?*
Mradi wa Kasigau Corridor, unaolinda misitu ya nyanda zetu na ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupata hati za kaboni chini ya mfumo wa VCS, huleta pesa kutoka nje, kama lori linavyomleta dereva. Faida yake kwa wadi inategemea maswali yale yale: kiasi gani kinafika, kinamfikia nani, na kinatumika wapi.

*Je, akiba ya chama ni pesa iliyolala?*
Si lazima. Chama kinachokopesha wanachama kwa biashara kinaitembeza pesa hiyo kila mwezi. Pesa iliyofichwa chini ya godoro ndiyo iliyolala.

Unachoweza kufanya

- Lipa deni la dukani unapopata pesa, kabla ya kununua kipya. Deni likilipwa, mwenye duka anaweza kununua stoki.
- Weka hesabu ya biashara yako kwa maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bila rekodi huwezi kujua kama mauzo yamepungua kwa kukosa wateja au kwa kukosa bidhaa.
- Kabla ya kukopa kwa simu, jiulize: pesa hii itarudi na kitu, au itakwisha usiku huu?
- Sajili kikundi au kampuni yako upate cheti cha zabuni zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa maelezo, anzia ofisi ya Msimamizi wa Wadi.
- Shiriki katika vikao vya bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo wakazi hualikwa kutoa maoni.

Ukifika kwenye kikao hicho, usiulize tu barabara au kisima kitagharimu pesa ngapi. Uliza ni nani atapewa kazi, vifaa vitanunuliwa wapi, na malipo yatatoka lini. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama shilingi ya bajeti itapita Maungu, Miasenyi na vijiji vingine vya Marungu mara moja ikielekea kwingine, au itazunguka hadi imfikie yule mpishi na jiko lake.